Mama Mnono wa Ngazini

Niliingia Nairobi nikiwa nimekaa juu ya ng'ombe. Malori ya mifugo yatokayo Moyale huwa na vyuma vilivyolazwa juu kutoka ubavu hadi ubavu, na abiria hukaa juu ya vyuma hivyo, miguu ikining'inia karibu na pembe. Mchana ni vumbi na jua. Usiku ni baridi inayoingia hadi kwenye meno. Ng'ombe akilala chini, turnboi, msaidizi wa dereva, hushuka katikati yao na kumwinua kwa kumpinda mkia, kwa sababu akibaki chini wenzake watamkanyaga afe. Kati ya Marsabit na Isiolo tuliharibikiwa mara nyingi mpaka nikaacha kuuliza tatizo ni nini. Nilikuwa nimemaliza kibarua cha kutunza stoo ya mkandarasi wa barabara huko kaskazini. Kabla ya hapo nilikuwa Malaba, na kabla ya Malaba nilikuwa Taveta. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na uchovu ambao nilidhani ni wa safari. Sasa nimepita arobaini na bado ninao, kwa hiyo labda haukuwa wa safari.

Lori lilishusha ng'ombe machinjioni, pembezoni mwa jiji upande wa mashariki, nami nikatembea kwa miguu hadi soko la Gikomba kumtafuta binamu yangu, fundi seremala aliyetengeneza vitanda karibu na mto. Alininusa kabla hajanisalimia.

"Kwanza ukaoge," akasema, "halafu ndio tujue kama wewe ni ndugu yangu ama ni wa kuchinjwa."

Alinipa nafasi sakafuni katika chumba chake cha Majengo. Wiki iliyofuata akanipeleka kwa mama mmoja wa kanisa lake aliyesimamia ukumbi wa jamii katika mtaa wa jirani, ule wa nyumba za zamani zenye paa za vigae. Mama huyo alikuwa mjane kutoka Ukambani, karani mstaafu, mwenye mkoba mweusi ambao hakuuweka chini hata akisali. Watoto walimwita Madam, nasi watu wazima tukamwita hivyo hivyo. Alitafuta mtu wa kufungua ukumbi watoto wakitoka shule, kushona mipira, kutandaza meza ya tenisi na kutenganisha wanaopigana. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe hupiga watoto?"

"Hapana."

"Basi anza leo."

Walianza kuingia saa kumi jioni, wavulana na wasichana, wengi wao wa kidato cha kwanza na cha pili, sweta za shule wamezifunga kiunoni. Kulikuwa na mpira uwanjani, glavu za ngumi zilizotoboka, netiboli, na meza ya tenisi ambayo kwa kweli ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madawati. Wazazi wao walikuwa Gikomba, au viwandani, au barabarani na malori, na nyumba nyingi zilikuwa chumba kimoja chenye kufuli mlangoni mpaka giza liingie. Niliitwa Kochi ingawa sikumfundisha mtu chochote. Nilifungua, nikahesabu mipira, nikafunga. Ilinichukua muda kuona kwamba wengi hawakuja kwa ajili ya mpira. Walikuja kwa ajili ya ngazi.

Mbele ya ukumbi kulikuwa na ngazi pana za saruji. Michezo ikiisha, wakiwa wanangojea wazazi, walikaa hapo wakachongoana. Mimi nilikulia kwingine na mchongoano ulinitisha mwanzoni. Wawili husimama chini, wengine hukaa ngazini kama mahakama, na wale wawili hutukanana kwa zamu: nyumba ya kwenu, nguo zako, baba yako, na zaidi ya wote mama yako. Tusi likipendeza, ngazi nzima hupiga kelele. Huruhusiwi kumgusa mwenzako wala kukasirika. Ungepita kwa mbali ungedhani watu wanauana. Lakini nilivyoutazama jioni baada ya jioni, niliona kwamba kuitwa chini pale kulikuwa ni kutambuliwa. Mtoto mgeni alikuwa mgeni mpaka siku atakapochongolewa mara ya kwanza, na kesho yake alikuja mapema akiwa amechana nywele.

Mabingwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na tano, mrefu, mwenye sauti kavu asiyecheka matusi yake mwenyewe. Mama yake aliuza mapazia na makoti ya mitumba Gikomba, mama mnono kwelikweli, ambaye sauti yake ilimfikia mteja kabla mteja hajaiona meza. Wa pili alikuwa mvulana wa kidato kimoja naye, mtoto wa dereva wa lori, mdogo wa umbo kama baba yake na mwepesi wa mdomo.

"Mathako ni mnono," mvulana angeanza, "mpaka akianika gauni, watu wanakuja na viti. Wanadhani ni tenti ya harusi."

Ngazi zingelipuka. Msichana angengoja zinyamaze.

"Na budako ni mfupi mpaka akiendesha lori, polisi wanalisimamisha. Wanasema hili limetoroka lenyewe."

"Woyee! Amemalizwa! Mpigieni simu wa kwao!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima na zaidi. Halafu mama wa msichana akaanza kukonda.

Miaka ile kila mtaa ulijua kukonda huku maana yake nini, na hakuna aliyelitaja jina. Watu walisema "anaumwa kifua", au "ni ule ugonjwa", wakashusha sauti. Meza ya Gikomba ikaanza kufunguliwa siku moja moja, kisha ikachukuliwa na mwingine. Majirani waliendelea kumtembelea kwa heshima, lakini walikataa chai. Walisema wameshiba. Binamu yangu, aliyekaa plot ya pili kutoka kwao, aliniambia kwamba yule mama alikuwa sasa akibebwa kwenda msalani.

Lakini pale ngazini hakuna kilichobadilika. Msichana alikuja kila siku, akacheza tenisi ya mlango, akashuka chini akachongoana. Mvulana aliendelea kumtangaza mama wa mwenzake kuwa mnono. Mama yake alivuka barabara ya Jogoo na magari ya kutoka mjini yakalala Makongeni. Mama yake alikaa kwenye benchi la kanisa na wa upande wa pili wakaruka mpaka madhabahuni. Mimi nilishikwa na woga. Jioni moja, wengine walipokwisha kuondoka na yeye akanisaidia kuvuta mlango, nilimuuliza kama nimwambie yule mvulana aache.

Alinitazama kana kwamba nimemtishia.

"Usimwambie, Kochi. Tafadhali."

"Hayakuumizi?"

Alichokonoa rangi ya mlango.

"Nyumbani kila mtu akiingia anaongea polepole," akasema. "Hata mimi naongea polepole. Shule, mwalimu wangu ananishika bega. Hapa hakuna mtu anaongea polepole."

Nikafunga kufuli. Sikumwambia mvulana kitu. Niliamini nimeelewa alichokuwa akiniomba: mahali pamoja katika siku nzima ambapo hakuna anayemhurumia. Hakuwa na mahali pengine.

Huruma ilikuja na Madam, na ilikuja kwa nia njema. Mzazi fulani alikuwa amepita akasikia, akaenda kumwambia kwamba watoto wa ukumbi wanamcheka mgonjwa. Madam aliumia sana. Alituita wote ndani, watoto wamesimama kati ya meza na mifuko ya mipira, akasali sala ndefu, kisha akasema kwa sauti ya kutetemeka:

"Kuna mwenzenu hapa anayepita katika wakati mgumu. Mama yake ni mgonjwa sana. Kwa hiyo kuanzia leo, sitaki kusikia mtu akitaja mama ya mtu kwenye ngazi zile. Tumpende mwenzetu."

Hakumtaja. Hakuwa na haja ya kumtaja. Macho yote yaligeuka, polepole, yakamwangukia msichana, naye akawa anaangalia kamba za viatu vyake.

Kilichofuata hakikuwa cha ukatili hata kidogo, na ndiyo sababu kilikuwa kigumu kukizuia. Walimpisha kwenye foleni ya meza. Mmoja alimletea andazi. Wasichana wa netiboli walimwambia akae tu apumzike. Mvulana, mshindani wake, alimsalimia "Niaje" kisha akaenda zake. Na siku ya tatu au ya nne, akicheza tenisi na mvulana mwingine aliyejulikana kwa kupiga mipira ya kuua, niliona mipira ikirudi imelegea, moja baada ya nyingine, ikitua pale pale mkononi mwake. Alishinda. Wakampigia makofi. Aliushika ule mpira mdogo, akautazama, kisha akauponda kwa kiatu.

"Nani alikuomba uniachie?" akamuuliza yule mvulana.

"Sijakuachia."

"Umeniachia! Nyote mnaniachia!"

Alichukua sweta yake akatoka. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Ngazi zilinyamaza. Watoto walikaa pale wakitupiana vijiwe, wakiondoka mmoja mmoja hata kabla wazazi hawajarudi. Ukumbi wenye amani namna ile ulinichosha kuliko ule wa kelele. Baada ya kama wiki mbili nilikwenda kwao.

Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mto karibu na dirisha, shuka imefika kifuani. Kama si sauti, nisingemjua. Sauti ilikuwa ile ile ya sokoni.

"Wewe ndiye kijana wa ukumbi? Kaa. Chai ipo. Kama unaogopa kikombe sema mapema, nisiharibu sukari."

Nilisema siogopi. Msichana alimimina akanipa bila kunitazama, kisha akatoka nje kufua. Mama alinitazama nikinywa mpaka nikafika nusu, ndipo akaendelea.

"Kwa nini mtoto wangu yuko nyumbani saa za kucheza? Ananichunga kama maziwa jikoni. Nikigeuka, amesimama. Nikikohoa, ameshika maji. Mwambie aende, mimi sitafurika."

Nikamweleza yote: ngazi, Madam, ile mipira ya kulegea. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na hao watoto walikuwa wanasema nini juu yangu?"

Nikatazama kikombe.

"Sema, kijana. Nimeuza Gikomba kabla hujaota ndevu. Hakuna tusi ambalo halijapita mbele ya meza yangu."

Nikamwambia ile ya gauni na tenti ya harusi. Alianza kwa kutabasamu, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Msichana aliingia mbio, mikono ina povu, akamshikia kikombe, kisha akanigeukia.

"Umemfanya nini?"

"Ananiambia vile nilivyo mnono," mama akamjibu. Alipumua. "Lakini huyo mtoto wa dereva, kila siku unamwachia na baba mfupi tu? Mama yake je? Si ni yule alinipunguzisha bei ya koti mpaka nikajikuta nimempa koti na nauli ya kurudi nyumbani?"

Msichana aliangalia pembeni, lakini niliona shavu lake likivutwa na tabasamu.

"Rudi ukumbini," mama akamwambia.

"Sirudi. Wataniachia nishinde tena."

Akarudi kwenye karai lake. Mama alinyanyua mkono kidogo juu ya shuka, kama kusema amefika mwisho wa nguvu zake, na mimi nikaaga.

Nilimkuta yule mvulana uwanjani akipiga mpira ukutani peke yake. Nilimwuliza kwa nini haendi kumwona mwenzake.

"Kochi, nikienda je? Nitamwambia nini? Pole? Kila mtu anamwambia pole."

"Mchongoe."

"Mathake anakufa, Kochi."

"Anajua."

Alishika mpira chini ya mguu.

"Watu wakisikia nitapigwa."

"Utapigwa," nikasema. Sikuona faida ya kumdanganya.

Maji yalikuwa yamekatika karibu mtaa mzima siku zile, ukabaki mfereji mmoja uliokuwa ukitoa, na foleni ya madumu ilizunguka kona. Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa nyuma kabisa na ndoo ya ukumbi. Msichana alikuwa mbele kabisa akijaza dumu, wanawake wamempisha, kama kawaida. Mvulana alitokea upande wa pili wa barabara bila dumu. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, na akapaza sauti yote aliyokuwa nayo:

"Wewe! Maji yamepotea Eastlands nzima, watu wanasumbuka na madumu, kumbe ni mathako anaoga!"

Kisha mwanamke mmoja mpana, wa chama cha akina mama kanisani, aliweka dumu lake chini, akampita mwenzake, akampiga yule mvulana kofi.

"Shetani wewe! Unamtusi mgonjwa?"

Mwingine alimshika sikio. "Ngai! Mtoto wa nani huyu? Baba yako yuko wapi?"

"Mwacheni!"

Alikuwa ni yule msichana. Alikuwa ametoka kwenye foleni, dumu limeanguka, likimwaga maji ambayo watu waliyangojea tangu mchana.

"Mwacheni, mama," akamwambia yule mwenye kumshika sikio. "Hata hajui maji ni nini. Kwao huoga siku ya mvua." Kisha akamgeukia mvulana, na ile sauti kavu ikarudi. "Na mathako ni bahili mpaka alinunua koti Gikomba akapewa koti na nauli!"

Mvulana alikuwa na alama za vidole shavuni na machozi machoni, na alikuwa anacheka mpaka hawezi kusimama wima. Wale wanawake waliwatazama mmoja baada ya mwingine. Waliona kwamba mtoto waliyemtetea amewakana. Yule mpana aliokota dumu lake, na kabla hajaondoka alinitazama mimi kwa muda, maana nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, na sikuwa nimeinua hata mguu.

Kesho yake msichana alikuja ukumbini. Alicheza tenisi ya mlango akafungwa vibaya, akabishana juu ya mpira uliogusa ukingo, akadai mechi nyingine, akafungwa tena. Jioni ngazi zilijaa.

Madam aliniita stoo mwisho wa wiki. Alikuwa amekaa juu ya boksi la viatu vya mpira, mkoba magotini. Alionekana amechoka kama mimi.

"Wanasema wewe ndiye uliyemtuma yule mtoto."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Msichana hakutaka tumhurumie, Madam. Alikuwa na mahali hapa tu."

"Mimi nimezika mume," akasema. "Nimezika na dada yangu. Unajua kinachonisumbua mpaka leo? Siku dada yangu alipokuwa anakata roho, nilikuwa harusini nikicheka. Sitaki mtoto yule aje kukumbuka kwamba alikuwa hapa anacheka."

"Labda atataka kukumbuka hivyo."

"Labda." Alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Akina mama wanataka mtu aondoke. Hawawezi kuwaondoa watoto. Nimewaambia utamaliza mwezi."

Nikasema sawa. Sikumchukia wakati ule, na sasa ndiyo simchukii kabisa. Kama ningebishana labda ningebaki, lakini tayari nilikuwa nimeanza kuangalia malori ya njia ya Mombasa kila yanapopita, jambo ambalo hunipata nikikaa mahali muda fulani. Niliuliza tu juu ya ngazi.

"Ndani ya ukumbi sitaki," akasema. "Nje siwezi kuona kila kitu."

Kuanzia hapo Madam alikuwa akienda nyumbani saa kumi na moja, kabla michezo haijaisha, na hakuna siku aliyosahau.

Mama alifariki kabla mwezi wangu haujaisha. Tulimzika kwao, Murang'a. Mtaa ulichanga basi, na watoto wengi wa ukumbi walikuja wakiwa na sare za shule kwa sababu ndizo nguo nzuri walizokuwa nazo. Tulilibeba sanduku kutoka barabarani hadi shambani kwa njia ya kuteremka kati ya migomba. Tulikuwa wanaume sita, baba yake mvulana, yule dereva wa lori, akiwa mmoja wetu, na wawili wangetosha. Niliona kila mmoja akijitahidi kutembea kama mtu aliyebeba kitu kizito, ili watoto nyuma yetu wasione. Walikuwa wameona. Msichana alitembea nyuma kabisa na shangazi yake, yule aliyekuwa anakuja kuishi naye Majengo, na watu walimshika mabega njia nzima. Hakuwazuia.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa siku ya kawaida. Nilishona mpira mmoja. Nilimwonyesha Madam vitu vilipo. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma alikuwa amebaki, ili apokee funguo. Mfuko wangu ulikuwa tayari nyuma ya mlango, kwa sababu binamu yangu alinipatia nafasi kwenye lori la mbao lililokuwa linaondoka kuelekea Voi kabla ya usiku.

Watoto walikuwa wamekaa ngazini wakiongea juu ya mtihani. Msichana alitokea kwenye kona, akiwa amenyolewa nywele. Maongezi yakakatika. Mtu akasogea kumpisha. Nilikuwa mlangoni, na nilimwona akiitazama ile nafasi iliyoachwa, pana kuliko inavyohitajika, na akakataa kukaa. Alibaki amesimama chini.

"Nani anashuka?" akauliza.

Mvulana alikuwa ngazi ya juu, ameshika magoti.

"Wewe," msichana akamwambia. "Shuka."

Alishuka. Alianza na viatu vyake, akasema jambo dogo juu ya soli. Hakuna aliyecheka, na msichana akatikisa kichwa.

"Si hivyo. Anza na mama."

"Siwezi."

"Anza na mama, nimekwambia!"

Mvulana alitazama juu kwangu. Akavuta pumzi.

"Mathako ni mnono," akasema, na sauti ikamkatikia katikati, akaikohoa ikarudi. "Mathako ni mnono mpaka wale waliobeba sanduku walipumzika Thika. Wakapumzika tena pale Kabati. Wakafika Murang'a wakiomba watu wawabebe wao."

Msichana alisimama akiwa amekaza taya. Macho yalikuwa yamejaa na hakuyafuta. Nilifikiri tumempoteza, kwamba kuna mstari na tumeuvuka, na kwamba Madam alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kisha akafungua mdomo.

"Na budako," akasema, "alishika pembe moja ya sanduku. Miguu ikaning'inia njia yote."

Kelele iliyotoka ngazini sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Baadhi yao walikuwa wanalia ndani yake. Mvulana alikuwa amekaa mchangani, mikono kichwani.

Nyuma yangu, ndani ya ukumbi, Madam aliuliza, "Wanasema nini hao?"

"Wanaongea juu ya mama yake."

"Marehemu?"

"Ndiyo."

Alikuja mpaka karibu na mlango, lakini hakutoka. "Yule msichana anacheka ama analia?"

Nikaangalia. "Vyote."

Kule nje mtoto mwingine alikuwa ameshuka, akitangaza kwamba nyumba ya mtu fulani ni ndogo mpaka jua linaingia kwa zamu. Madam aliangalia saa yake, halafu akavuta kiti cha karibu na meza ya tenisi, akakaa, na akauweka mkoba sakafuni.

"Nitawangoja wamalize," akasema. "Lete funguo."

Nikampa. Nilichukua mfuko wangu nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa vyoo, ili nisiwakatize.